Kobe Aliyefugwa Kama Ng'ombe

Mke wangu aliondoka kwa miezi mitatu. Sasa ni mwezi wa kumi na nane. Sisemi hivyo ili nionewe huruma, maana huruma ya watu huja na maswali, na mimi kwa maswali sina subira. Nasema ili ajulikane mapema anayehusika hapa ni nani, kwa sababu habari yenyewe ni ya kobe, na kobe huyo ni wake.

Alikwenda Mwanza kumtunza mzazi. Binti yetu wa mwisho alijifungua mapacha, na kwetu Uchagani mzazi haachwi peke yake. Mama yake huja, hujifunga kitambaa kichwani, hukaa jikoni miezi mitatu akipika mtori wa ndizi na nyama mpaka mzazi apate mashavu. Huo ndio utaratibu, nami sikuwa na neno. Nilimpeleka stendi mwenyewe, na mkungu wa ndizi mshare ndani ya gunia, kwa kuwa mkwe wetu ni mtu wa ziwani na sikuamini kama angejua ndizi ya mtori ni ipi. Miezi mitatu ilipoisha, pacha mmoja akashikwa na kifua. Kifua kilipopona, likizo ya binti ikaisha. Dada wa kazi wa kwanza akakaa wiki mbili, wa pili akakaa siku nne. Kila mara kulikuwa na sababu, na kila sababu ilikuwa ya kweli, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Ningepata hata sababu moja ya uongo ningegomba vizuri.

Mimi ni fundi seremala mstaafu, kama kweli seremala hustaafu. Tuna nyumba Pasua, hapa Moshi mjini, na kihamba Kirua Vunjo, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa nililoachiwa na baba. Mke wangu anapenda mjini kwa sababu ya joto na kanisa la karibu. Mimi napenda mlimani. Ugomvi huo tumekuwa nao tangu nilipoacha kazi, na haujapata mshindi. Kobe yuko upande wa mke wangu. Tulimkuta uani Pasua siku tuliyokabidhiwa funguo. Mzee aliyetuuzia nyumba alitupa bahasha moja yenye hati ya kiwanja, risiti za maji, na karatasi ya kibali cha kumfuga kobe. Ni kobe mkubwa, wa manjano yenye madoa meusi, wa aina ile inayoishi kwenye nyika kavu huku chini. Mke wangu aliinama akamtazama, kobe akatoa kichwa akamtazama pia. Tangu siku ile nikawa mtu wa tatu nyumbani kwangu.

Pale stendi, basi likiwa linanguruma, aliniachia maagizo. "Mpe majani, usimpe chakula cha watu. Awe na maji. Asilale kwenye baridi." Nikaitikia huku nikihangaika na gunia la ndizi. Nikamwambia nimelisha ng'ombe tangu nina miaka saba, kobe atanishinda nini. Akacheka, akapanda.

Mwaka wa kwanza hakunishinda, na nilijisifu sana. Asubuhi nilifungua mlango wa uani, kobe akatoka mwenyewe katika banda lake la zamani, akazunguka ukuta wote akichuma hiki na kile. Mimi kazi yangu ilikuwa kujaza sahani ya maji. Kila jioni saa moja mke wangu alipiga simu, na kabla hajaniuliza hali, aliuliza kobe amekula nini. "Anakula majani," nilijibu. Nilikuwa sijui majani gani. Wakati mwingine niliona wivu, na sioni haya kulisema. Mtu na miaka yangu kumwonea wivu mnyama asiyejua hata kulia!

Baada ya Pasaka ya mwaka wa pili nikashindwa kukaa Pasua. Niliwaambia majirani kwamba nakwenda kupogoa kahawa, na kahawa kweli ilitaka kupogolewa, lakini nilichokimbia ni nyumba. Kanga yake ilikuwa bado inaning'inia nyuma ya mlango wa jikoni. Sikuweza kuitoa, na sikuweza kuendelea kuiona. Nilikuwa nikichemsha chai naweka vikombe viwili mezani, halafu najitukana kwa sauti na kurudisha kimoja kabatini. Nilimtamani mke wangu kwa namna ambayo sikumtamani hata tulipokuwa wachumba, na mtu wa kumwambia sikuwa naye. Basi nikafunga nyumba, nikamtia kobe kwenye kreti la soda, tukapanda mlimani.

Hilo sikumwambia. Ningemwambia, angesema nimefunga nyumba yake na kushinda ugomvi akiwa hayupo. Jioni alipouliza kobe analala wapi, nilijibu, "Palepale pake." Uongo wenyewe ulikuwa na maneno mawili tu, na niliurudia kila siku kwa wiki kumi.

Sasa nieleze tunavyofuga huko juu, la sivyo mtu hataona nilikosea vipi. Vihamba vyetu ni vidogo na vimejaa, mgomba juu, kahawa chini yake, viazi vikuu na mboga chini ya kahawa. Hakuna pa kumwachia mnyama atembee. Kwa hiyo ng'ombe wetu haendi malishoni. Hukaa bandani tangu anazaliwa, na chakula humfuata hukohuko. Majani hukatwa huko chini tambarare na kupandishwa kwa kichwa, migomba hukatwakatwa kwa panga, na pumba hutiwa kwenye hori la kulishia. Mtu ambaye ng'ombe wake anaonekana njiani watu humsema kwamba ni mvivu. Nimelelewa hivyo. Kumpenda mnyama, kwetu, ni kumfungia ndani na kumletea kila kitu mdomoni.

Basi nikampenda kobe kwa namna hiyo. Nilimtengea chumba chake kando ya ng'ombe, futi nne kwa nne, sakafu ya saruji yenye mteremko mzuri wa kupitisha maji. Nilimchongea hori dogo la mbao ya mkrismasi, nikalipiga randa mpaka likang'aa, maana nilijua mke wangu akija kuliona atasifu. Kila asubuhi nilimwaga ndoo mbili za maji ya mfongo, ule mfereji wetu wa kienyeji unaopita nyuma ya banda, nikasugua sakafu kwa fagio gumu. Kisha nilimpa migomba iliyokatwakatwa, pumba kidogo, mabaki ya maharage, na ndizi mbivu. Ndizi mbivu alizipenda kupita kiasi. Alikuwa akinisikia na kuja mbio, kama mbio za kobe zinaweza kuitwa mbio. Choo chake kilianza kuwa chepesi, nami nikaona hiyo ni dalili ya shibe.

Ikaja Juni, na baada yake Julai. Anayejua Kirua anajua Julai yake. Ukungu hushuka asubuhi na kukaa mpaka saa sita, na kuna siku hauondoki kabisa. Nguo zinaanikwa Jumatatu zinaanuliwa Alhamisi, na bado shingoni mwa shati pana ubichi. Jua tulilisikia likisimuliwa na watu waliotoka mjini. Mimi nilivaa koti la baba na kujiona mwanamume wa mlimani, na kobe akawa anakaa pembeni mwa chumba chake, miguu ndani, juu ya saruji iliyokuwa haikauki.

Siku moja nikaona mapovu puani mwake. Yalikuwa madogo, yanapasuka na kurudi kila anapopumua. Nikayafuta kwa kitambaa nikidhani ni maji. Kesho yake hakuja aliposikia ndizi. Keshokutwa alikuwa amefumba macho, na akipumua alifungua mdomo na kutoa kisauti chembamba ambacho sikuwahi kujua kwamba kobe anacho. Nikaogopa. Niliogopa kuliko nilivyoogopa ng'ombe wangu yeyote alipougua, na nilijua kwa nini. Kobe angekufa, mke wangu angelia siku tatu, halafu asingekuwa tena na kitu chochote hapa Moshi kinachohitaji kuulizwa kila jioni saa moja. Hivyo ndivyo nilivyoamini. Sikuona kwamba mimi mwenyewe ni wa kuulizwa.

Nikaanza kumtibu kwa tunayoyajua. Niliwasha jiko la mkaa mlangoni mwa banda, moshi ukamzidishia. Nilimfunika blanketi, blanketi likalowa. Halafu nikafanya jambo ambalo mpaka leo sipendi kulisimulia, lakini nimeshaanza. Nilimpikia mtori. Nilimenya ndizi, nikachemsha na mfupa, nikaponda mpaka ukawa laini, nikapoza, nikapiga magoti kwenye saruji na kijiko cha chai nikimbembeleza kobe anywe mtori. Mtu dhaifu hupewa mtori. Mimi ndivyo nijuavyo. Kobe alifumba mdomo. Ni kiumbe mwenye msimamo, na nadhani siku hiyo alinidharau.

Ndipo nikamwita bibi mifugo wa kata yetu, binti mdogo kuliko mwanangu wa tatu, anayetembea na pikipiki na buti za mpira. Alinisalimia, "Shikamoo, mzee," nikaitikia, akaingia bandani akijua anakwenda kuona ng'ombe. Nilipomwonyesha, alichuchumaa. Alitazama hori langu linalong'aa, sakafu iliyosuguliwa, migomba iliyokatwa vipande sawasawa, na lile bakuli la mtori.

"Mzee," akasema kwa upole, "umefuga vizuri sana. Ila umemfuga kobe kama ng'ombe."

Nilitaka kukasirika, lakini hasira ikakosa pa kushika. Akaniambia mambo kwa kifupi. Mnyama huyu ameumbwa kwa ukavu na jua. Gamba lake bila jua halipati nguvu, na kifua chake kikikaa kwenye baridi na unyevu pamoja hushika mafua yanayoweza kumuua. Ndizi mbivu na pumba vinamchachia tumboni. Maharage yanamwumiza figo. Anataka majani magumu, mengi, na anataka kuyatembelea mwenyewe. Akampigia daktari wa mifugo mmoja aliyeko mjini, wakazungumza, akamdunga sindano ya kwanza pale pale chini ya paja la mbele. "Mshushe leo," akaniambia. "Usisubiri kesho."

Nilimwachia mdogo wangu ng'ombe, nikakodi bajaji kutoka barabara kuu, kreti mapajani. Kadiri tulivyoshuka ndivyo nilivyofungua vifungo vya koti. Tulipofika tambarare jua lilikuwa linachoma, na kobe alitoa pua nje ya gamba mara moja, kisha akairudisha.

Saa moja jioni simu ikalia. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya mlango wa uani, nyumba nyuma yangu ikinuka kufungwa.

"Amekula nini leo, Babu?" Tangu mapacha wazaliwe ameacha kuniita Baba, ananiita Babu, na nilikuwa sijalimeza.

"Mama," nikasema, "hajala. Hajala siku kumi na moja. Nilimpeleka Kirua tangu Mei."

Alinyamaza. Mke wangu akigomba hana shida, unangoja anamaliza. Akinyamaza ndipo ujihadhari. Nilimweleza yote, saruji, mfongo, ndizi, hata mtori. Kwenye mtori nilisikia kama amekohoa, na sikujua kama ni kicheko au kilio. Kisha akaanza kuuliza kwa sauti ya muuguzi: pua, macho, pumzi, choo. Akaagiza beseni, maji ya uvuguvugu yasiyopita kidevu chake, dakika ishirini kila asubuhi, akaushwe vizuri. Mwishowe akasema, "Leo Jumapili. Asipokula mpaka Ijumaa, Jumamosi nakata tiketi nije."

Nilitaka kobe apone, hilo ni kweli. Lakini niliposikia maneno hayo moyo uliruka kwa furaha, na aibu ikanishika hapohapo.

Jumatatu nikakosea tena, kwa upande wa pili. Nilikuwa nimeambiwa jua na ukavu, basi nikamweka katikati ya uwanja saa sita mchana, bila kivuli wala maji. Jioni nilipomweleza kwenye simu, mke wangu alipiga kelele mpaka mapacha wakaamka. "Unamkausha kama dagaa? Apate jua la asubuhi, mchana awe na kivuli cha kukimbilia. Na maji yawepo siku zote, anayafuata mwenyewe akitaka. Ukavu ni pa kulala, Babu, ukavu ni hewa anayoivuta. Hajaacha kuwa na kiu." Nikasema sawa.

Jumanne nikatoa vifaa vyangu. Banda la zamani lilikuwa limeoza upande mmoja, na nikiwa na mikono yenye hamu ya kazi huwa nafikiri vizuri. Nilimjengea nyumba mpya ya mbao zilizokauka, si mbao mbichi, kwa sababu mbao mbichi hutoa unyevu ndani kwa miezi. Niliinua sakafu nusu futi juu ya ardhi kwa matofali ili mvua isipite chini yake, nikaweka ubao wa mteremko wa kupandia. Mlango niliuelekeza mashariki, jua la kwanza limfikie akiwa bado kitandani. Paa nililipa mwinamo na kuliacha lizidi mbele kama baraza. Juu, chini ya paa, nilitoboa matundu ya kupitisha hewa, maana banda lililozibwa kabisa nalo hutoa jasho. Ndani nilitandaza majani makavu mengi, ya kujifukia. Maranda ya mbao nilikuwa nayo magunia mawili na nilitamani kuyatumia, lakini mke wangu akakataa, akasema vumbi lake linaingia kifuani. Nje, mbele ya mlango, nikamwaga udongo wenye kichanga, wa kuchimba.

Nikiwa nagonga misumari ndipo nikaanza kuuona uwanja. Miaka yote niliyokaa katika nyumba ile sikuwahi kuutazama ukuta kwa chini, pale kobe anapotazama. Mke wangu alikuwa amepanda chakula ukuta mzima. Kulikuwa na ukoka umeachwa urefuke. Kishona nguo, gugu lile ambalo mbegu zake hunasa kwenye nguo, kilikuwa kimeachwa makusudi. Kulikuwa na hibiskasi tatu, matawi ya chini yameinamishwa kwa kamba ili mdomo wa kobe uyafikie. Nyuma ya choo cha nje kulikuwa na mpungate, ule wenye miiba na majani manene, na kando yake kisu kidogo na brashi ya zamani ya nguo, ya kuondolea miiba. Chini ya karo nilikuta kopo la maganda ya mayai, yamesagwa unga, wa kulitia gamba nguvu. Mwaka mmoja niliwahi kufyeka magugu yote ya uani nikijiona nimefanya usafi, akaninunia siku tatu, nami nikaenda kulalamika kwa rafiki zangu kwamba mwanamke huyu anapenda uchafu. Nilikaa juu ya sanduku langu la vifaa na kopo lile mkononi. Nilitaka awe pale nimwombe radhi kwa yale magugu. Nilitaka awe pale hata akinigombeza.

Daktari wa mjini alikuja Jumanne na Alhamisi kudunga sindano. Asubuhi nilimwogesha kobe kwenye beseni, nimekunja suruali, nikimpima maji kwa kiwiko. Mapovu yalipungua. Jumatano alifumbua macho. Alhamisi alitembea mpaka kwenye ngazi ya jikoni, akasimama pale karibu nusu saa, akitazama mlango. Hapo ndipo mke wangu huweka kigoda chake kuchambua mboga. Nilimwambia, "Hayupo, bwana. Hata mimi namngoja." Ndiyo, niliongea na kobe, na sikuwa nimelewa.

Jioni zile nne nilikuwa naomba mambo mawili yasiyokaa pamoja. Nikiwa nimepiga magoti kwenye beseni niliomba ale. Nikiwa nimelala kitandani upande wangu, upande wake ukiwa umetandikwa vilevile, niliomba ale Jumapili, akishafika. Niliwaza hata nitakachompikia. Nilikwenda soko la Mbuyuni nikanunua dagaa wa aina anayoipenda.

Ijumaa saa nne asubuhi nilikata jani changa la mpungate, nikalipiga brashi miiba yote, nikalipasua katikati ili litoe utomvu, nikaliweka mbele ya nyumba mpya juani. Kobe alitoka. Alishuka ubao wa mteremko polepole, miguu ikitetemeka. Alinusa. Akageuza kichwa kama anayetafuta kitu kingine, akarudi, akauma. Alitafuna taratibu, macho yamefumbwa nusu, utomvu ukimtiririka kidevuni. Alikula jani zima, kisha akaenda kwenye hibiskasi akavuta ua jekundu akala nalo.

Nilipaswa kuruka kwa furaha. Nilikaa kwenye ngazi nikajiona mtu mzee.

Mchana kutwa nilikuwa na uongo tayari mdomoni. "Bado," lingekuwa neno moja tu, fupi kuliko ule uongo wa kwanza. Kesho angepanda basi, angefika, angemkuta kobe anakula na tungesema kumbe alipata nafuu yeye akiwa njiani. Nani angejua? Saa moja simu ikalia na nikaipokea nikiwa sijaamua.

"Babu? Vipi?"

Nilikuwa natafuta lile neno. Nilikawia kidogo tu, lakini upande wa pili nikasikia pumzi inakatika, kisha mke wangu akaanza kulia. Alilia kwa sauti, kama anavyolia msibani, akisema, "Nilijua, nilijua, ningekuja mapema." Alidhani kobe amekufa.

"Amekula!" nikapiga kelele. "Mama, usilie, amekula! Mpungate jani zima, na ua!"

Ilichukua muda anielewe. Halafu alicheka na kulia pamoja, akamshukuru Mungu na Bikira Maria, akamwita binti yetu amwambie, nikasikia hata mkwe wangu akishangilia kwa mbali. Alinisifu. Alisema sasa namjua kobe kuliko yeye. Kisha, kwa sauti nyepesi ya mtu aliyetuliwa mzigo, akasema, "Basi sikati tiketi. Hawa wadogo mmoja anaota meno, nilikuwa nawaza nitamwachaje. Kama kobe mzima, sina wasiwasi. Nitakuja Krismasi."

Nikasema, "Sawa."

Tukaagana. Nikaweka simu juu ya ngazi. Miaka thelathini na tisa ya ndoa nimekuwa nikisema sawa, na ukizihesabu sawa zangu, nusu yake zilikuwa hapana. Nilipomwacha aondoke stendi nilisema sawa. Miezi mitatu ilipokuwa sita nilisema sawa. Nilikasirika, kwanza kwa mapacha, halafu kwa binti, halafu kwa dada wa kazi aliyekimbia baada ya siku nne, na mwisho hapakuwa na mtu mwingine wa kumkasirikia ila mimi. Nikaichukua simu nikapiga. Kwa kawaida mimi huwa sipigi, hupigiwa.

"Nini tena?" akauliza, ameshtuka. "Ametapika?"

"Kobe hana neno," nikasema. "Ni mimi. Nataka urudi."

"Kuna nini? Unaumwa?"

"Siumwi. Nataka urudi kwa sababu nataka urudi. Nimekaa bila wewe nimechoka. Nilikimbilia Kirua kwa sababu nyumba hii ilinishinda, hakuna kahawa wala nini."

Nyuma yake mtoto mmoja alikuwa anapiga sufuria na kijiko.

"Mbona hukuwahi kusema?" akauliza kwa sauti ndogo. "Kila nikipiga unaniambia mambo mazuri tu. Mimi nikajua umeshazoea."

"Sijazoea," nikamwambia. "Hata siku moja."

Nilisikia anafuta pua. Akamwambia mtu huko ndani ampokee mtoto, mlango ukafungwa, sufuria ikawa mbali. "Nipe wiki mbili," akasema. "Nitafute dada wa kazi wa maana, nimfundishe. Wiki mbili, Baba."

Leo ni siku ya tisa. Tangu asubuhi nimefagia uwanja mara mbili, na kila bajaji ikipunguza mwendo nje natoka kwenda getini, ingawa najua kabisa kwamba leo ni siku ya tisa.